Usaili wa watunga programu: Kukariri hakutoshi

KIJANA aliyehitimu masomo ya kompyuta aweza kuwa ametunga programu tatu au nne zinazofanya kazi vizuri, kisha akaanguka katika usaili kwa swali ambalo angelijibu kwa dakika kumi akiwa chumbani kwake.

Tukio la namna hiyo si geni katika fani hii, wala halina maana kwamba kijana huyo hajui kazi. Mara nyingi huwa alijiandaa kwa mtihani wa aina moja, akakutana na wa aina nyingine.

Chuoni, mwanafunzi hupewa alama kwa jibu aliloandika. Katika usaili wa kiufundi, mwombaji wa kazi hupimwa pia kwa njia aliyopita hadi kulifikia jibu, na njia hiyo wasaili hawawezi kuiona ikiwa imebaki kichwani mwake.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtunga programu chipukizi anapaswa kulitambua kabla hajafungua kitabu chochote cha maswali. Asiyesema anachofikiri huwanyima wasaili kitu cha kumpimia.

Milango imeongezeka, na ushindani pia

Katika Afrika Mashariki, waajiri wa watunga programu si wale wa zamani pekee. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, kampuni za simu, benki na kampuni changa za huduma za fedha zimekuwa zikihitaji watu wa kutengeneza na kutunza mifumo yake.

Kampuni ya Andela ilianzishwa Lagos, Nigeria, mwaka 2014, kwa lengo la kuwaunganisha watunga programu wa Afrika na waajiri wa nje. Microsoft ilizindua kituo chake cha maendeleo barani Afrika mwaka 2019 kwa kuanzia Nairobi na Lagos, nayo Google ikatangaza mwaka 2022 kwamba Nairobi ndiyo itakuwa na kituo chake cha kwanza barani cha kutengeneza bidhaa.

Kampuni za aina hiyo zilikuja na utaratibu wa usaili uliozoeleka Marekani. Kwa sababu hiyo, kijana wa Dar es Salaam au Kampala anayeomba kazi kwa njia ya mtandao hushindanishwa kwa kipimo kilekile na mwenzake wa Bangalore au Warsaw.

Serikalini nako kuna ngazi zake. Nchini Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwapitisha waombaji katika usaili wa mchujo ulio wa maandishi, na kwa baadhi ya kada usaili wa vitendo, kabla ya mahojiano ya ana kwa ana. Huko, maandalizi huanzia kwenye vyeti halisi na kitambulisho, kwani anayefika bila hivyo huzuiwa hata kabla ya kuulizwa swali.

Ngazi za usaili

Katika kampuni nyingi, usaili wa kiufundi hupita katika ngazi tatu au nne. Ya kwanza huwa mazungumzo mafupi ya simu, ambapo mwombaji huulizwa amesoma nini, amefanya nini na anatumia lugha gani ya kompyuta.

Ya pili huwa jaribio la mtandaoni lenye muda maalumu. Kompyuta hulipima jibu yenyewe kwa kuliendesha juu ya mifano mingi, ikiwamo ile ambayo mwombaji hakuonyeshwa.

Ya tatu ndiyo inayoogopwa zaidi. Mwombaji hupewa tatizo na kutakiwa kuandika msimbo, yaani maagizo ya programu, kwenye ubao mweupe au kwenye ukurasa wa mtandaoni ambao msaili anauona herufi kwa herufi.

Ya nne huhusu kazi alizowahi kufanya na namna anavyoishi na wenzake kazini. Wapo pia waajiri wanaompa mwombaji kazi ya kufanyia nyumbani kwa siku chache, kisha wakamwita aieleze.

Zamani baadhi ya kampuni kubwa za Marekani zilipenda pia mafumbo, kama lile la kuuliza kwa nini mifuniko ya mashimo ya barabarani ni ya duara. Mwaka 2013, Laszlo Bock, aliyekuwa akisimamia rasilimali watu katika Google, aliliambia gazeti la The New York Times kwamba mafumbo ya namna hiyo ni kupoteza muda. Chipukizi hana haja ya kuyahangaikia.

Swali dogo lenye mtego

Mwaka 2007, mtunga programu Imran Ghory aliandika kuhusu swali jepesi la kuwachuja waombaji alilolipa jina la FizzBuzz, kutokana na mchezo wa watoto wa shule nchini Uingereza. Swali hilo lilienea haraka duniani.

Linataka programu iandike namba kuanzia 1 hadi 100. Namba inayogawanyika kwa 3 nafasi yake ichukuliwe na neno Fizz, inayogawanyika kwa 5 iwe Buzz, na inayogawanyika kwa zote mbili iwe FizzBuzz.

Mtego uko kwenye mpangilio. Anayeanza kwa kuuliza kama namba inagawanyika kwa 3 atakapofika kwenye 15 ataandika Fizz na kupita, bila kufika kwenye sharti la tatu. Ni lazima sharti la zote mbili litangulie, au maneno yaunganishwe kwa utaratibu mwingine.

Swali hilo halihitaji hisabati ya chuo kikuu. Linapima kama mtu anaweza kugeuza maelezo ya kawaida kuwa hatua zinazofuatana, na kama ana desturi ya kuikagua kazi yake kabla ya kusema amemaliza. Mwombaji anayesema, “Ngoja niijaribu kwa namba 15,” huwa ameshaonyesha zaidi ya nusu ya kinachotafutwa.

Mfano wa bei za duka

Swali jingine la kawaida laweza kuelezwa hivi: mteja ana hati ya zawadi ya Sh10,000, na mwenye duka ana orodha ya bei. Zitafutwe bidhaa mbili ambazo bei zake zikijumlishwa zinafikia Sh10,000 kamili.

Mwombaji mwenye pupa huanza kuandika papo hapo. Aliyejiandaa huanza kwa kuuliza. Je, bidhaa moja yaweza kuchukuliwa mara mbili? Orodha imepangwa kuanzia bei ndogo hadi kubwa, au imechanganyika? Ikiwa hakuna jozi inayofaa, programu itoe jibu gani?

Maswali hayo si kupoteza muda. Kazini, mtunga programu hupokea maelezo yasiyokamilika kila siku, na anayejenga bila kuuliza hujenga kitu kisichotakiwa.

Baada ya hapo, inafaa aitaje njia rahisi kwanza, hata kama ni ya polepole. Njia hiyo ni kuichukua kila bei na kuijumlisha na kila bei nyingine. Orodha ikiwa na bidhaa 10,000, jozi za kukaguliwa zitakuwa 49,995,000. Kuitaja njia hiyo na kueleza udhaifu wake ni dalili ya uelewa.

Ndipo aitafute iliyo bora. Programu yaweza kuipitia orodha mara moja tu huku ikiweka kumbukumbu ya bei ilizokwisha kuziona. Kwa kila bei inajiuliza: inapungua kiasi gani kufikia Sh10,000, na je, kiasi hicho nimeshakiona?

Bei zikiwa 2,500, 4,000, 6,500 na 7,500, programu ikifika kwenye 7,500 itahitaji 2,500, ambayo ipo kwenye kumbukumbu, na kazi imekwisha. Kwa bidhaa 10,000, hatua ni 10,000 tu badala ya karibu milioni 50.

Lipo jambo dogo hapa linalowatenganisha waombaji. Ikiwa dukani kuna bidhaa moja tu ya Sh5,000, programu isije ikaihesabu mara mbili. Dawa yake ni kuuliza kumbukumbu kwanza, kisha ndipo kuiandika bei hiyo, na mwombaji aseme kwa nini amefuata mpangilio huo.

Mwishoni aeleze gharama: kasi imeongezeka, lakini nafasi ya kumbukumbu imetumika zaidi. Kama orodha ingekuwa imepangwa tayari, angeweza kuanzia kwenye ncha zote mbili na kusogea kuelekea katikati bila kuhitaji nafasi hiyo. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo wasaili wanayoyasubiri.

Mambo ya msingi

Wapo wanaodhani kwamba siri ni kutatua mamia ya maswali kwenye tovuti za mazoezi kama LeetCode na HackerRank. Mazoezi hayo yana faida, lakini anayekariri majibu hukwama msaili anapobadilisha sharti moja tu.

Kwa anayeanza, ni heri mambo machache yaliyoshika mizizi. Ayajue vizuri maandishi na orodha, jedwali la kutafutia kitu kwa jina lake, rundo na foleni, miti ya data, programu inayojiita yenyewe, pamoja na njia za kupanga na kutafuta. Kwa kila kimoja, aweze kusema kinafaa wapi na kina gharama gani.

Utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu ni mfano mzuri. Katika orodha iliyopangwa yenye majina 1,000,000, njia ya kuanza mwanzo hadi mwisho yaweza kuhitaji hatua milioni moja. Kwa kuangalia katikati na kutupa nusu isiyohusika kila mara, hatua 20 zatosha.

Hata hivyo, urahisi huo unadanganya. Mwaka 2006, Joshua Bloch alieleza kwamba utafutaji huo katika maktaba ya lugha ya Java, alioutunga yeye mwenyewe, ulikuwa na kasoro iliyojificha kwa miaka mingi. Namba mbili kubwa za mahali zilipojumlishwa ili kupata katikati, jumla yake iliweza kuvuka 2,147,483,647, kiwango cha juu cha aina hiyo ya namba, na kugeuka kuwa hasi.

Funzo kwa chipukizi ni kuikagua mipaka daima: orodha tupu, kitu kimoja, vitu vinavyofanana, na namba kubwa kupita kiasi.

Nje ya hayo, kazi nyingi mijini ni za mifumo ya tovuti na simu. Mwombaji hana budi kuweza kueleza kinachotokea mtu anapoandika anwani kwenye kivinjari, kivinjari kinavyowasiliana na seva, na kwa nini faharasa huharakisha utafutaji katika kanzidata huku ikipunguza kasi ya kuandika data mpya. Ajue pia kutumia Git kutunza matoleo ya kazi yake.

Kuhusu lugha ya kompyuta, moja anayoimudu hutosha. Python, Java na JavaScript hukubaliwa na waajiri wengi, na ni hatari kuchagua lugha mpya wiki mbili kabla ya usaili kwa sababu tu inasifiwa.

Woga nao una dawa

Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina wakishirikiana na Microsoft walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi 48. Baadhi yao walitatua tatizo kwenye ubao huku wakitazamwa na kutakiwa kueleza, na wengine walilitatua peke yao faraghani.

Ufanisi wa waliotazamwa ulishuka kwa zaidi ya nusu. Ingawa idadi ya washiriki ilikuwa ndogo, wanawake wote waliofanya wakitazamwa walishindwa, na wote waliofanya faraghani walifaulu.

Matokeo hayo ni hoja kwa waajiri wautafakari upya utaratibu wao. Kwa mwombaji, yana maana kwamba kutazamwa ni sehemu ya mtihani, na kwa hiyo kutazamwa nako kufanyiwe mazoezi.

Wawili au watatu wanaotafuta kazi waweza kukutana jioni, mmoja akawa msaili na mwingine msailiwa, kwa dakika 45 zilizopimwa kwa saa, kisha wakabadilishana. Asiye na mwenza ajirekodi kwa simu akieleza, halafu ajisikilize. Wengi hugundua kwamba hunyamaza kwa muda mrefu kuliko walivyodhani.

Lugha nayo isisahaulike. Usaili mwingi wa kiufundi hufanyika kwa Kiingereza, na kijana anayefikiri kwa Kiswahili aweza kuonekana mzito wa kuelewa kumbe anatafuta maneno tu. Zoezi linalosaidia ni kulieleza tatizo kwanza kwa Kiswahili kwa mtu asiye wa fani, kama ndugu au jirani, kisha kulirudia kwa Kiingereza kwa sauti. Asiyeweza kumweleza jirani, huenda bado hajaelewa mwenyewe.

Akili mnemba na kazi ya mkono

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, programu za akili mnemba zimeweza kujibu maswali mengi ya aina hii kwa sekunde chache. Baadhi ya waajiri wamejibu kwa kuwarudisha waombaji kwenye usaili wa ana kwa ana, na wengine huruhusu programu hizo na kupima namna mwombaji anavyozikagua.

Njia salama ni kuuliza kabla ya siku ya usaili kinachoruhusiwa. Anayezitumia kwa siri hujiweka pabaya, kwani swali la pili huwa, “Kwa nini umechagua njia hii?” na hapo jibu la kuazima huisha.

Tahadhari hiyo inahusu pia miradi iliyotajwa kwenye wasifu. Mradi mmoja ambao mwombaji anaujua ndani nje una uzito kuliko kumi iliyonakiliwa. Ajiandae kueleza ulitatua tatizo la nani, ulikwama wapi, na angebadilisha nini kama angeujenga upya.

Wiki sita za maandalizi

Aliye na wiki sita anaweza kuzigawa hivi. Wiki mbili za kwanza ziwe za mambo ya msingi, akitatua tatizo moja au mawili kwa siku bila kutazama jibu hadi dakika 40 zipite.

Wiki ya tatu na ya nne ziwe za matatizo ya uzito wa kati, kwa kuandika kwenye karatasi kabla ya kompyuta. Kila baada ya siku kadhaa ayarudie yaliyomshinda, kwa kuwa tatizo lililotatuliwa mara moja husahaulika upesi.

Wiki ya tano iwe ya usaili wa majaribio na wenzake. Ya sita iwe ya kupitia miradi yake, kusoma kuhusu mwajiri, na kupumzika. Kukesha usiku wa kuamkia usaili hakuongezi maarifa, na huondoa utulivu.

Siku yenyewe

Wapo wanaopoteza nafasi kwa sababu ya saa tu. Barua pepe ikitaja 9:00 asubuhi, hiyo ni saa tatu ya Kiswahili, si saa tisa. Ikitaja 15:00 UTC, Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu, hivyo usaili ni saa 12 jioni.

Kwa usaili wa mtandaoni, kompyuta ya mpakato ijazwe chaji mapema, na simu yenye kifurushi cha intaneti iwe tayari kushika nafasi umeme au mtandao wa nyumbani ukikatika. Namba au anwani ya msaili iandikwe pembeni ili aarifiwe mara moja mawasiliano yakipotea. Wasaili huelewa tatizo la umeme. Wasichoelewa ni ukimya.

Akikwama katikati ya swali, mwombaji aseme amekwama wapi na amejaribu nini. Msaili akitoa dokezo, alipokee na kulifanyia kazi. Kupokea dokezo si kushindwa, kwani kazini pia watu husaidiana.

Kushindwa si hukumu

Hata wajuzi hukataliwa. Mwaka 2015, Max Howell, mtunzi wa programu ya Homebrew inayotumiwa na watunga programu wengi duniani, alitangaza hadharani kwamba Google haikumchukua baada ya kushindwa swali la kugeuza mti wa data ubaoni. Kisa hicho kilizua mjadala mkubwa kuhusu uhalali wa maswali hayo, lakini maswali yenyewe hayakuondoka.

Kwa chipukizi, lililo muhimu ni kutotoka katika usaili mikono mitupu. Jioni ileile ayaandike maswali aliyoulizwa, ayatatue kwa utulivu, na aombe maoni kwa adabu, hata kama si kila mwajiri atajibu.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Katika chumba cha usaili, mwenda pole ni yule anayeuliza kabla ya kuandika, anayesema anachofikiri, na anayeikagua kazi yake kabla ya kuweka kalamu chini.